Chungu, Kichuguu na Hoja za Kuwepo kwa Mungu katika Falsafa ya Kihindu

Mlima ule una moto. Dalili yake ni moshi. Popote penye moshi pana moto, kama tunavyoona jikoni. Mlima ule una moshi wa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo una moto.

Kwa karne nyingi wanafunzi wa mantiki nchini India wameanzia hapa. Hii ni hoja ya viungo vitano ya mkondo wa falsafa uitwao Nyaya, na kila kiungo kina kazi yake. Cha kwanza kinatoa dai. Cha pili kinataja dalili. Cha tatu kinaweka kanuni pamoja na mfano unaokubaliwa na pande zote mbili. Cha nne kinaonyesha kwamba dalili hiyo ipo kweli katika jambo linalobishaniwa. Cha tano kinafunga. Ukiuondoa mfano katika kiungo cha tatu, mwalimu wa Nyaya hakusikilizi tena, maana kanuni isiyo na hata kisa kimoja kinachojulikana ni maneno matupu.

Sasa weka ulimwengu mahali pa mlima. Ardhi, milima na chipukizi vina mfanyaji. Dalili ni kwamba vimetokea baada ya kutokuwepo. Kila kilichotokea hivyo kina mfanyaji, kama chungu kilivyo na mfinyanzi. Ardhi na milima ni vitu vya aina hiyo. Kwa hiyo vina mfanyaji, na huyo ndiye Ishvara, Bwana wa ulimwengu.

Hoja hii ni nzito kuliko wanavyodhani wanaoipuuza, lakini inathibitisha kidogo kuliko walivyodai walioijenga. Na upungufu wake haukuonwa na wakanushaji peke yao. Baadhi ya waliouchambua kwa ukali zaidi walikuwa Wahindu wacha Mungu, watu waliofunga, waliosali na kuimba sifa za Mungu yule yule. Anayetaka kuielewa falsafa ya Kihindu juu ya Mungu hana budi kulifikiria jambo hilo kwa makini, kwa sababu linaonyesha kwamba kule kuamini na kuthibitisha zilikuwa kazi mbili tofauti.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Waislamu na Wakristo wengi wa Afrika Mashariki wanaijua hoja iliyopata nguvu katika elimu ya kalam, yaani elimu ya Kiislamu ya kutetea imani kwa hoja, ile aliyoitetea al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111: kila chenye mwanzo kina chanzo, ulimwengu una mwanzo, basi una chanzo. Hoja ya Nyaya inafanana nayo kwa sura tu. Nyaya, pamoja na mkondo pacha wake wa Vaisheshika, hawasemi kwamba Mungu aliumba kutoka katika utupu. Kwao chembe ndogo kabisa za ardhi, maji, moto na hewa ni za milele. Roho nazo ni za milele, kadhalika wakati na nafasi. Ulimwengu huundwa, hukaa, huvunjika, kisha huundwa tena, bila mzunguko wa kwanza. Kazi ya Ishvara ni kuzipanga chembe na kuzitia mwendo kila mzunguko unapoanza, kulingana na matendo ya roho yaliyotangulia. Ni mfanyaji anayetumia malighafi aliyoikuta. Ndiyo maana mfano wao ni mfinyanzi, na mfano huo unawafaa kikamilifu, kwa kuwa mfinyanzi naye haumbi udongo.

Mfanyaji, kwa Nyaya, ni mwenye mambo matatu: anaijua malighafi yake moja kwa moja, ana nia ya kufanya, na anatia juhudi. Mwili haumo katika masharti hayo, na hilo halikuachwa kwa bahati mbaya. Kutoka sharti la kwanza wanapanda hadi kwenye ujuzi wa yote. Mfinyanzi anajua udongo, gurudumu na maji. Anayeunda ulimwengu lazima azijue chembe zote, na tena ajue stahili ya kila roho, kwa kuwa miili na mazingira hupangwa kulingana na stahili hizo. Mwenye kujua yote hayo bila kupitia macho wala masikio ana ujuzi usio na mpaka.

Aliyeifikisha hoja hii kileleni ni Udayana, mwanafalsafa wa Mithila, eneo ambalo sehemu yake kubwa leo iko katika jimbo la Bihar, mashariki mwa India. Aliishi kati ya karne ya 10 na ya 11. Kitabu chake, Nyayakusumanjali, kimegawanyika katika mafungu matano, na manne ya kwanza yanajibu wapinzani kabla hajaanza kujenga. Mpangilio huo una adabu yake: unasafisha uwanja kwanza, ndipo unaweka msingi. Simulizi ya jadi inasema kwamba alipofika hekalu la Jagannath huko Puri na kukuta mlango umefungwa, alimwambia Mungu kwamba anajivuna bure, kwani Wabudha, wasiomkubali muumba, wakija atamhitaji yeye Udayana ili aendelee kuwepo. Iwe ilitokea au haikutokea, simulizi hiyo inatupa picha ya jinsi watu walivyoyaona mapambano ya siku zile.

Katika fungu la tano Udayana anaorodhesha dalili tisa ndani ya beti moja. Ile ya chungu ndiyo ya kwanza. Ya pili inasema chembe haziwezi kuungana bila kusukumwa na mwenye fahamu. Nyingine zinatoka katika kushikiliwa na kuvunjwa kwa ulimwengu, katika lugha na kazi za mikono kama ufumaji, ambazo lazima ziwe na mwalimu wa kwanza, na katika Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Kihindu: kuaminika kwake, yanayosemwa ndani yake, na ukweli kwamba ni sentensi, na sentensi zina mtungaji. Hizi zote si za uzito mmoja. Ile ya mwalimu wa kwanza, kwa mfano, inadhani kwamba lugha haiwezi kukua kidogo kidogo, na sioni kwa nini mtu akubali hivyo.

Dalili ya tisa inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu haina mfano wake popote pengine. Inahusu namba. Katika fizikia ya Vaisheshika, chembe mbili huungana kufanya jozi, na jozi tatu huungana kufanya kitu kidogo kabisa kinachoweza kuonekana, kama kivumbi kinachoelea katika mwali wa jua dirishani. Hizo ni chembe 6. Swali lao ni hili: ukubwa wa kivumbi umetoka wapi? Hauwezi kutoka katika ukubwa wa chembe, kwa sababu kanuni yao inasema ukubwa huzaa ukubwa wa aina ile ile, ila uliozidi. Kikubwa kikiungana na kikubwa huzaa kikubwa zaidi, basi kidogo kikiungana na kidogo kingezaa kidogo zaidi. Kwa hiyo ukubwa wa kivumbi lazima utoke katika namba tatu ya jozi, na kipimo cha jozi kitoke katika namba mbili ya chembe.

Lakini namba mbili ni nini? Nyaya na Vaisheshika wanasema moja imo ndani ya kitu chenyewe, ila mbili na kuendelea hutokea tu pale akili inapohesabu, "hiki kimoja, na hiki kimoja." Mwanzoni mwa mzunguko hakuna mwanadamu, na hata angekuwepo asingeziona chembe. Hata hivyo jozi zinaundwa. Basi ipo akili inayozihesabu chembe zote.

Ni hoja ya ustadi mkubwa, na kila hatua inafuata ile iliyotangulia. Tatizo lake ni kwamba inaegemea nguzo mbili ambazo nje ya mkondo huo hakuna anayelazimika kuzikubali: kwamba kidogo huzaa kidogo zaidi, na kwamba mbili haipo mpaka ihesabiwe. Ukiitikisa moja tu, hoja nzima inaanguka bila kumgusa Mungu hata kidogo. Ndivyo zilivyo dalili nyingi za orodha ile. Zinafanya kazi kwa aliyekwisha kukaa ndani ya nyumba.

Ile ya chungu ndiyo inayomwendea mtu wa nje, na watu wa nje waliijibu. Dharmakirti, mwanafalsafa wa Kibudha wa karne ya 7, aliuliza: kama kila kilichoumbika kwa udongo kina mfinyanzi kwa sababu kinafanana na chungu, mbona hatusemi kichuguu kimefinyangwa na mfinyanzi? Nacho ni udongo uliopata umbo. Tunajua ni kazi ya mchwa. Kufanana kwa jumla hakutoshi. Akaongeza kwamba moto hukisiwa kutokana na moshi, haukisiwi kutokana na kila kitu cha rangi ya kijivu, ingawa moshi nao una rangi hiyo. Kilichofungamana na moto ni moshi wenyewe, rangi yake haimo. Vivyo hivyo chungu na mlima vinashiriki jina "kilichotokea", lakini kilichofungamana na mfinyanzi ni aina fulani ya kutokea. Mtu akikuta nyumba iliyobomoka porini atasema ilijengwa, hata kama hakumwona mjenzi, kwa sababu ameona nyumba zikijengwa. Mlima hakuna aliyeuona ukijengwa.

Karne nne baadaye Ratnakirti, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Kibudha cha Vikramashila kando ya mto Ganges, aliibana kanuni yenyewe. Mmejuaje kwamba kila kilichotokea kina mfanyaji? Kwa kuviona vyungu pamoja na wafinyanzi, na kwa kutoona kinyume chake. Lakini kinyume chake kipo nje pale: majani yanayoota nyikani bila mtu. Vitabu vyake vilipotea India na nakala zikapatikana katika nyumba za watawa wa Tibet katika miaka ya 1930, vikachapishwa mwaka 1957. Kwa karne nyingi wasomi walikuwa wakisikia upande mmoja tu wa mjadala huu.

Nyaya hawakosi jibu. Majani ya nyikani ni sehemu ya jambo linalobishaniwa, wanasema, na huwezi kulitumia jambo linalobishaniwa kama ushahidi dhidi ya kanuni. Ungefanya hivyo, hata moto wa mlimani usingethibitika, kwa kuwa mpinzani angesema mlima ule wenyewe ni kisa cha moshi bila moto. Hili ni sahihi kabisa kimantiki. Udayana anaongeza, katika fungu la tatu, kwamba shaka ina mwisho, na mwisho wake ni pale inapogongana na mwenendo wa mwenye shaka mwenyewe. Anayedai hana hakika kwamba moshi hutoka katika moto, bado akitaka moshi huwasha moto. Anayetilia shaka kwamba chakula huondoa njaa, bado hula.

Jibu hili lina nguvu kubwa, na ningependa lifundishwe popote panapofundishwa mantiki. Lakini hapa ndipo ninapoona hoja ya chungu inakwama. Kipimo cha mwenendo kinaokoa kanuni ya moshi kwa sababu sisi wenyewe tunawasha moto, na kanuni ya vyungu kwa sababu tunafinyanga. Milima hatuifanyi. Hakuna mwenendo wetu hata mmoja unaogongana na shaka kwamba huenda mlima hauna mfanyaji. Ngao ya Udayana inafunika mifano yote isipokuwa ile iliyohitaji kufunikwa.

Wabudha waliuliza pia kuhusu mwili. Kila mfanyaji tuliyemwona ana mwili. Kama Ishvara hana, si mfanyaji wa aina tunayoijua, na kama anao, mwili huo nao umetokea na unahitaji mfanyaji mwingine, bila mwisho. Hapo Nyaya wanarudi kwenye masharti yao matatu: ujuzi, nia, juhudi. Hata wewe unapoinua mkono wako hutumii mkono mwingine kuuinua. Naona wanajitetea vizuri.

Wanapobanwa zaidi ni kwenye idadi, na aliyewabana hakuwa Mbudha. Ramanuja, mwalimu mkuu wa waabudu wa Vishnu, ambaye jina lake limefungamana na hekalu la Srirangam kusini mwa India, aliandika mwanzoni mwa karne ya 12 hivi kwamba dalili ya chungu haiwezi kutufikisha kwa Mungu mmoja. Majumba makubwa hujengwa na watu wengi. Milima na bahari si lazima viwe vilitokea siku moja wala kwa mkono mmoja, bali vingeweza kutokea nyakati tofauti kwa kazi ya wengi. Na kama tunafuata mfano wa mfinyanzi kwa uaminifu, mfinyanzi ana mwili, uwezo wenye mpaka na anafungwa na matendo yake. Basi mfano utuletee mfanyaji wa namna hiyo. Huko Uingereza, David Hume aliuliza swali la wajenzi wengi katika kitabu kilichotoka mwaka 1779. Ramanuja alikuwa amelijibu na kulifunga zaidi ya miaka 600 kabla yake, na alilifunga akiwa mtu wa ibada.

Nyaya hujibu kwa kanuni ya wepesi: kama mmoja anatosha, usidai wengi. Ni kanuni njema ya kupima nadharia. Lakini inachagua kati ya maelezo mawili yanayowezekana. Hailifanyi moja kuwa ithibati.

Shambulio jingine lilitoka kwa Kumarila wa karne ya 7, mtetezi mkubwa wa Veda katika mkondo wa Mimamsa, ambao unashika kila amri ya ibada bila kumhitaji muumba. Kumarila anauliza kama mwanasheria. Kabla ya kuumba, huyo muumba alikaa wapi na kwa mwili gani? Aliumba kwa huruma? Hapakuwa na wa kuhurumiwa, na mwenye huruma angeumba raha tupu. Aliumba bila sababu? Hata mpumbavu hafanyi jambo bila lengo.

Jibu la Wahindu wanaomwamini Mungu liko katika Brahmasutra, matini ya msingi ya mkondo wa Vedanta, sehemu ya pili, sura ya kwanza: Mungu hana upendeleo wala ukatili, kwa kuwa hugawa kulingana na matendo ya roho, na matendo hayo hayana mwanzo. Aliyezaliwa katika dhiki hajaonewa, anavuna. Ninakiri kwamba jibu hili linamwondolea Mungu lawama kwa ukamilifu usiopatikana kwa urahisi katika mapokeo mengine. Lakini linafungua mlango kwa Mimamsa kusema: kama karma, yaani nguvu ya matendo hayo, ndiyo inayogawa, Mungu wa nini?

Hapo ndipo inapozaliwa hoja ambayo kwangu ni bora kuliko ya chungu. Uddyotakara wa mkondo wa Nyaya, aliyeishi karibu na karne ya 6, anasema karma haina fahamu. Shoka halikati bila mkataji. Tendo la leo haliwezi lenyewe kumtafuta mtendaji baada ya miaka mingi, katika mwili mwingine, na kumpa kinachomstahili mahali panapomstahili. Panahitajika anayejua. Mkondo wa Sankhya, ambao katika matini zake za kale haumtaji Mungu, unapinga: maziwa hayana fahamu, lakini humtiririkia ndama kwa faida yake. Shankara, mwalimu wa Vedanta, anajibu kwamba maziwa hayo yanatoka kwa ng'ombe aliye hai anayempenda mwanawe, na tena ndama ananyonya. Kisa hicho kikichunguzwa vizuri kinaegemea upande wa wenye fahamu. Katika mabishano yote haya, sijui jibu fupi linalogusa lengo kama hilo.

Hoja ya karma ina mpaka mmoja ulio wazi: inamhusu tu aliyekubali karma. Kwa huyo ina uzito mkubwa. Kwa mwingine haianzi.

Mkondo wa Yoga una njia yake fupi. Ujuzi huonekana kwa viwango, wengine wanajua kidogo na wengine zaidi, na panapo viwango pana kilele, naye mwenye kilele ni Ishvara. Udhaifu uko katika neno "pana". Namba nazo zina viwango, na hakuna namba iliyo kubwa kuliko zote.

Turudi kwa Vedanta, maana huko ndiko linapopata maelezo lile jambo la wacha Mungu kuikosoa hoja ya kuwepo kwa Mungu. Akifafanua Brahmasutra mwanzoni kabisa, Shankara anasema kwamba ili ukisie moto kwa moshi lazima uwe umeviona vyote viwili pamoja. Brahman, jina la Vedanta kwa Mungu kama uhalisi wa mwisho, haonekani kwa hisi. Tunauona ulimwengu peke yake, upande mmoja wa uhusiano, na kwa upande mmoja huwezi kusema umefungamana na Brahman au na kitu kingine. Njia ya kumjua ni maandiko, na akili inafuata nyuma ikisaidia kuyaelewa. Ramanuja, anayempinga Shankara karibu katika kila jambo kubwa, hapa anakubaliana naye.

Kwa nini basi Nyaya hawakutosheka na maandiko? Kwa sababu ya msimamo wao juu ya Veda. Nyaya wanasema Veda inaaminika kwa kuwa imetungwa na mwenye kuaminika, naye ni Mungu. Wakimthibitisha Mungu kwa Veda na Veda kwa Mungu, wanazunguka duara. Walilazimika kutafuta dalili nje ya maandiko, ama sivyo jengo lao lisingekuwa na msingi. Vedanta, pamoja na Mimamsa, wanashika kwamba Veda haina mtungaji na haina mwanzo, kwa hiyo haihitaji kudhaminiwa na yeyote, na wanaweza kuanzia hapo bila duara. Mimamsa walianzia hapo wakaishia kwenye wajibu wa ibada. Vedanta walianzia hapo wakaishia kwa Mungu.

Tofauti hiyo ingali hai hata kwetu. Arya Samaj, jumuiya iliyoanzishwa na Dayananda Saraswati mjini Bombay mwaka 1875 na yenye matawi Afrika Mashariki tangu mwanzoni mwa karne ya 20, inafundisha vitu vitatu vya milele, Mungu, roho na maada, na Mungu wao ni mfanyaji anayetumia maada iliyopo, karibu sana na Ishvara wa Nyaya. Jumuiya za Swaminarayan, ambazo mahekalu yake yapo Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, zinatokana na mwalimu wa Gujarat ambaye katika waraka wake wa mwaka 1826 alitangaza kwamba anashika msimamo wa Ramanuja. Anayejadiliana na mtu wa jumuiya ya kwanza atakutana na dalili, na ana haki ya kuuliza ni wapi ufungamano wa kutokea na kuwa na mfanyaji ulikopatikana. Anayejadiliana na wa jumuiya ya pili akianza kumvunjia mfano wa mfinyanzi atakuwa anabomoa nguzo ambayo Ramanuja mwenyewe aliiondoa. Huyo aulizwe kuhusu maandiko: kwa nini yaaminike, na yanasema nini hasa.